Mtego Ulio Mkononi mwa Mtoto
Somo kwa walimu, wazee wa kanisa na wazazi



Mwezi huu tumeona vema kuacha kidogo mfululizo wa masomo yetu, tupate kusema juu ya neno moja ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja. Nalo ni hili: watoto wetu wanawindwa. Hawawindwi porini, wala njiani usiku tu, bali huwindwa nyumbani mwao, wakiwa wamelala chini ya shuka, kwa njia ya simu iliyo mkononi. Na baadhi yao wakiisha kunaswa huchukuliwa wakapelekwa mbali, jasho lao na miili yao ikafanywa bidhaa, kama walivyofanyiwa mababu zetu.

Hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu ya simu. Simu ni chombo chema, nasi wenyewe twaitumia kila siku. Twaandika kwa sababu tumeyaona mambo haya karibu nasi, na kwa sababu sisi wenyewe tulikosa, kama tutakavyoeleza mbele. Mwalimu aweza kulisoma somo hili kwa Jumapili mbili au tatu, baada ya ibada au katika jumuiya. Mwishoni yako maswali.

1. Yusufu na ndugu yake Reubeni

Wote tunaijua habari iliyo katika Mwanzo sura ya 37. Yusufu alikuwa kijana wa miaka 17. Aliuzwa kwa vipande 20 vya fedha. Tukiulizwa ni nani waliomwuza, twajibu upesi: ndugu zake. Nasi twapita. Lakini yafaa tukae hapo kidogo, maana katika habari ile wamo watu wa namna nne, na hata leo wangalipo.

Wa kwanza ni wale waliomtoa. Hawakuwa wageni, walikuwa watu wa nyumba moja naye. Wa pili ni wafanya biashara waliopita njiani na ngamia zao. Wao hawakumchukia Yusufu, hata jina lake hawakulijua. Waliona bidhaa wakalipa. Wa tatu ni wale walioinunua bidhaa hiyo kule mwisho wa safari. Kama wasingekuwapo wanunuzi Misri, wafanya biashara wasingalitoa fedha.

Wa nne ni Reubeni, naye ndiye tunayetaka mmkumbuke katika somo hili lote. Reubeni hakutaka kijana afe. Moyoni alikusudia kurudi baadaye amtoe shimoni, amrudishe kwa baba yake. Nia yake ilikuwa njema. Lakini aliporudi, shimo lilikuwa tupu. Akararua nguo zake, akalia; kisha, baba yao alipoletewa ile kanzu yenye damu ya mbuzi, Reubeni naye akanyamaza pamoja na wengine. Basi, Reubeni ni mtu mwenye nia njema aliyechelewa, na aliyenyamaza baada ya kuchelewa. Katika sharika zetu wauza watoto ni wachache. Walio kama Reubeni ni wengi.

2. Biashara ya watu katika nchi zetu

Vijana wa leo wakisikia neno mtumwa hufikiri habari za Unguja na pwani tu. Lakini nchi hizi zetu, kati ya Ziwa Nyasa, Ziwa Rukwa na Ziwa Tanganyika, ziliumizwa sana. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka wa 1873 aliotia sahihi Sultani Barghash. Walakini huku bara watu waliendelea kutekwa na kuuzwa miaka mingi baadaye. Huko Karonga, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mfanya biashara Mlozi aliendelea na kazi hiyo hata aliposhindwa na kuuawa mwaka wa 1895. Katika Tanganyika, utumwa ulikomeshwa kabisa kwa sheria mwaka wa 1922. Hiyo ni miaka mia moja na kidogo tu. Wazee tuliowazika sisi walizaliwa kabla ya sheria hiyo.

Mama Elise Kootz-Kretschmer, wa misheni ya Wamoravian, aliwasikiliza watu wa nchi hizi za kusini magharibi akaziandika habari zao kama walivyozisimulia wenyewe. Miongoni mwao walikuwa wanawake wawili, Narwimba na Chisi, waliotekwa na kutolewa mkono kwa mkono. Baadaye mwanachuo Marcia Wright alizikusanya habari hizo katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1993. Jambo moja laonekana wazi katika maisha yao. Mwanamke au mtoto aliyekuwa na ndugu wa kumtetea hakuchukuliwa kwa urahisi. Yule aliyefiwa na mume, au aliyeachwa na baba, au aliyekaa ugenini bila ukoo, huyo ndiye aliyetolewa kwanza, iwe kwa vita, iwe kwa deni, iwe kwa njaa. Ulinzi wake haukuwa ukuta wala mkuki. Ulinzi wake ulikuwa mtu wa kusema: huyu ni wetu.

Neno hili tulishike, kwa maana halikubadilika. Wauza watu wa siku hizi nao humtafuta mtoto asiye na mtu wa kusema: huyu ni wetu.

3. Saza na dhahabu yake

Mwaka ule ule wa 1922 ambao utumwa ulikomeshwa kwa sheria, ndio dhahabu ilipopatikana katika mto Lupa. Watu wakamiminika toka pande zote, hata toka ng'ambo ya mpaka. Hapa Saza ulifunguliwa mgodi uliojulikana sana katika miaka ile, na hata leo majina ya zamani yangali midomoni mwa wazee. Dhahabu imewalisha wengi. Imejenga nyumba, imelipa karo za shule, imeezeka hata makanisa.

Walakini kila penye dhahabu hufika watu wasiojuana. Baba huja peke yake, mama hubaki kwao. Au mama huja kupika na kuuza chakula machimboni, akawaacha watoto kwa jirani. Mtoto huacha shule ili aponde mawe au aoshe mchanga kwenye mialo, na huku zebaki inamwingia mwilini. Mwaka wa 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto katika machimbo madogo ya Tanzania. Walifika katika wilaya za Geita, Kahama na Chunya, na wakati ule nchi yetu hii ya Saza ilikuwa bado ndani ya Chunya. Wakaandika habari za watoto washukao mashimoni, na za wasichana wanaosumbuliwa na wanaume karibu na machimbo, hata wengine wakatolewa miili yao kwa fedha.

Tena sisi si mbali na Tunduma. Kwa Tunduma hupita barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA. Ng'ambo yake ni Nakonde. Malori hulala pale, fedha za nchi mbili hubadilishwa pale, na mgeni haulizwi sana alikotoka. Mtu atakaye kumficha mtoto hapati shida mahali ambapo kila mtu ni mpitaji.

Lakini msidhani ya kuwa watoto huuzwa mpakani tu. Katika nchi yetu walio wengi huchukuliwa ndani ya nchi hii hii. Huja mama mmoja mwenye maneno matamu, mara nyingi jamaa wa mbali, akasema: nipeni huyu binti, nitampeleka Dar es Salaam, atafanya kazi za ndani kwa watu wema, nao watampeleka shule. Wazazi hushukuru, hata humpa kuku wa njiani. Huko aendako hakuna shule wala mshahara, wala simu ya kuwaita wazazi. Wengine wakiwa wakubwa kidogo huahidiwa kazi Oman na nchi nyingine za Ghuba, na wakifika hunyang'anywa hati zao za kusafiria. Si kila aendaye kufanya kazi huuzwa. Wako waliofika kwa watu wema wakajenga kwao. Lakini mtoto aliyetolewa bila anwani, bila barua, bila mtu wa kumfuata, huyo amewekwa shimoni.

4. Mtego wa simu unavyotegwa

Zamani mwindaji ilimpasa kuja kijijini, na mbwa wakambwekea. Siku hizi huja bila kubwekewa. Twaeleza hatua zake, ili mzazi aweze kuzitambua.

Kwanza, huchagua. Hutazama picha ambazo watoto wameziweka wazi mtandaoni, kama katika Facebook, au huingia katika makundi ya simu na michezo ya intaneti. Humtafuta mtoto aandikaye ya kuwa ana huzuni, au hana baba, au amegombana na mama.

Pili, husifu na kutoa. Humwambia binti ya kuwa ni mzuri kuliko wote, humwambia mvulana ya kuwa ana kipaji cha mpira na kuna timu itakayomchukua. Humtumia vocha, humnunulia bando. Mara nyingi hudanganya umri wake. Mtu wa miaka 40 hujiita mwanafunzi wa kidato cha nne.

Tatu, hujenga siri. Husema: usimwambie mama, hataelewa. Siku mtoto anapokubali neno hili, mlango wa nyumba umefungwa kwa ndani.

Nne, huomba picha. Kwanza picha ya uso, kisha nyingine, hata ile ya utupu.

Tano, sauti yake hubadilika. Yule aliyesifu sasa hutisha: nitazipeleka picha hizi kwa baba yako, kwa mwalimu wako, kwa kanisa lenu, usipotuma nyingine, au usipotuma fedha, au usipokuja mahali fulani. Mtoto hukosa usingizi, hukosa chakula, huacha masomo. Baadhi yao wameitikia wito huo wakapanda gari, wasionekane tena. Wengine wamejaribu kujiua.

Msiseme ya kuwa haya ni mambo ya miji mikubwa. Mwaka wa 2022 mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF yalitoa taarifa ya uchunguzi wao katika Tanzania. Walikuta ya kuwa miongoni mwa watoto wa miaka 12 hata 17 watumiao intaneti, 4 katika kila 100 walikuwa wametendewa maovu makubwa ya namna hii katika mwaka mmoja tu: kutishwa, au picha zao kusambazwa bila ridhaa, au kushawishiwa kwa fedha na zawadi. Wakikadiria kwa hesabu ya watoto wote wa nchi, ni kama watoto 200,000. Na walio wachache mno ndio waliopeleka habari zao polisi.

Kwa nini hawasemi? Mtoto mwenyewe atawajibu: kwa sababu nitapigwa mimi.

5. Kosa letu

Sasa twafika mahali ambapo ilitupasa kusema tangu mwanzo. Jina la binti hatulitaji, wala la mtaa wake, wala mwaka.

Alikuwa katika darasa la kipaimara. Baba yake alikuwa amekwenda machimboni mahali pengine, hakurudi. Mama alipika maandazi alfajiri na kuyauza. Binti alipewa simu kuukuu na jamaa yake. Jumamosi moja jioni, tulipokuwa tukitengeneza mambo ya Chakula cha Bwana kwa kesho, alikuja akasimama mlangoni mwa ofisi. Akasema, "Shikamoo, mchungaji. Nina neno." Tukamwitikia, tukamwuliza kama ni neno la haraka. Akatazama chini, akasema si la haraka sana. Tukamwambia, "Njoo Jumatatu, mwanangu." Tukarudi kwenye daftari letu.

Jumapili baada ya ibada picha zake zilikuwa zimekwisha kuingia katika kundi la simu la wanakwaya. Mtu yule alikuwa amempa saa ya mwisho, nayo saa ilikuwa imepita. Wazee walikusanyika wamekasirika. Nasi, badala ya kuuliza ni nani aliyezituma, tulimwuliza yeye kwa nini alizipiga. Tulimwita mbele ya watu wazima saba, naye alikuwa na miaka 15. Tukamwondoa katika darasa la kipaimara. Tukamwamuru afute kila kitu katika simu yake, tukidhani ya kuwa tunaondoa uchafu. Kumbe tulifuta vitisho vyote vya yule mtu pamoja na namba yake. Jumanne mama yake alikuja analia: binti hayupo, amepanda gari la alfajiri.

Alikaa miezi saba mahali ambapo hatutapasimulia, maana habari hiyo ni yake. Alirudi amekonda, hasemi. Mama alipokwenda polisi, waliuliza habari ya zile jumbe. Hazikuwapo. Mtu yule hakupatikana hata leo, ingawa twajua sasa kwa maneno ya binti mwenyewe ya kuwa hakuwa mgeni kabisa. Alikuwa amewahi kununua maandazi kwa mama yake.

Ndugu, hapo ndipo tulipomwelewa Reubeni. Nia yetu ilikuwa njema. Tulikusudia kumsikiliza Jumatatu.

6. Yatupasayo siku ile ile

Kwanza tujue sheria yasemavyo, maana watu wengi hudhani ya kuwa haya ni mambo ya kumaliza nyumbani.

Sheria ya Mtoto ya mwaka wa 2009 yasema mtoto ni kila mtu aliye chini ya miaka 18. Inakataza kumtumia mtoto kwa uzinzi, inakataza kumtia katika kazi za hatari, na kazi za migodi zimo. Tena yampasa kila mtu katika jamii ajuaye ya kuwa haki za mtoto zinavunjwa kupeleka habari kwa serikali ya mtaa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka wa 2015 inafanya kuwa kosa kusambaza picha za ngono za watoto. Basi wale waliozirusha picha katika kundi la kwaya walitenda kosa la jinai, si umbeya tu. Na Sheria ya mwaka wa 2008 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu yahesabu kumsafirisha mtoto kuwa kosa zito zaidi.

Wako wasemao: alikwenda mwenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka wa 2000, uliotiwa sahihi Palermo, umelijibu neno hili. Kwa mtu mzima huulizwa kama alilazimishwa au alidanganywa. Kwa mtoto haiulizwi hata hilo. Aliyemchukua mtoto akampeleka mahali ili amtumie, amemwuza, hata kama mtoto alipanda gari kwa miguu yake na kucheka njiani.

Basi, mtoto akija kwako na neno kama hili, fanya hivi:

(a) Acha kazi uliyo nayo. Msikilize saa ile ile. Usimwambie Jumatatu.

(b) Mwambie ya kuwa umemsadiki, na kwamba kosa si lake. Usimhoji kama hakimu, wala usimfanye arudie habari yake kwa watu wengi.

(c) Usifute kitu katika simu. Jumbe, namba, majina na tarehe ni ushahidi. Lakini picha yenyewe usimpelekee mtu yeyote, hata kwa nia ya kumwonyesha mzee mwenzako.

(d) Msimlipe mtu anayetisha. Akilipwa mara moja atadai mara ya pili.

(e) Piga simu namba 116, simu ya taifa ya kuwasaidia watoto. Haitozi fedha. Tena nendeni kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na kwa afisa ustawi wa jamii. Katika vijiji na kata ziko pia kamati za ulinzi wa wanawake na watoto.

(f) Ikiwa mtoto ameingiliwa kimwili, apelekwe hospitali upesi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zapasa kuanza kabla ya saa 72 kupita, na mapema zaidi ni bora. Polisi hutoa fomu iitwayo PF3. Lakini msikae nyumbani mkijadiliana hata saa zikaisha.

(g) Kama mtendaji ni mzee wa kanisa, au mwalimu, au mchungaji, mambo ni yale yale. Kanisa halina ruhusa ya kumficha. Kikao cha wazee si mahakama ya kosa la namna hii, wala faini ya mbuzi haimponyi mtoto.

7. Kumlea aliyerudi

Aliyerudi hakuwa mgeni, lakini huja kama mgeni katika nyumba yake. Hushtuka usiku. Hukasirika bila sababu tuionayo. Pengine husema uongo, maana uongo ndio uliomlinda huko alikokuwa. Pengine hutamani hata kurudi kule, na watu husema: mwaona, alipenda mwenyewe. Sivyo. Aliyefungwa muda mrefu huogopa mlango uliofunguliwa.

Yatupasa kumpa vitu vinne. La kwanza, mahali salama pa kulala, na mtu mzima mmoja aliye imara, asiyebadilika. La pili, matibabu ya mwili na ya moyo. Maombi yetu yasimzuie kwenda kwa mganga wa hospitali, wala dawa zisituzuie kumwombea. La tatu, shule au kazi ya mikono. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi wa kike waliojifungua kurudi shuleni; basi, asiambiwe na mtu ye yote ya kuwa masomo yake yamekwisha. La nne, kunyamaza kwetu. Ushuhuda wake si mali ya usharika. Asisimamishwe mbele kusimulia aliyotendewa ili sisi tulie. Siku akitaka mwenyewe kusema, tutamsikiliza.

Yule binti wetu alipokwisha kupata nguvu kidogo, tulimwendea pamoja na mwinjilisti na mama mmoja wa umoja wa wanawake. Tukamwomba msamaha mbele ya mama yake. Hakujibu siku ile. Baada ya majuma mengi alituma neno kwa yule mama, akaomba jambo moja tu. Hakuomba fedha, wala hakuomba wale watu watengwe. Alisema, "Nataka wenye picha zangu wazifute."

Tulipokwisha kuwaarifu polisi, tulikwenda nyumba kwa nyumba. Wengi walisema hawanazo. Mzee mmoja, aliyekuwa mkali kuliko wote siku ile tulipomhukumu, aliingia ndani akakaa sana. Akatoka na simu yake, akatukabidhi, mikono yake ikitetemeka. Hatukumwuliza kwa nini alikuwa amezitunza. Akazifuta mbele yetu. Kisha akasema, "Na mimi nina wajukuu."

Binti yule sasa anashona nguo. Alipokea kipaimara pamoja na darasa lililofuata, katika mstari na wenzake, bila neno la pekee kutajwa juu yake. Bado huketi benchi la nyuma, karibu na mlango. Hatumwambii asogee mbele.

Basi, ndugu, zamani watu wa nchi hii walipona pale walipopata mtu wa kusema: huyu ni wetu. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji mlango wa ofisi uwe wazi Jumamosi jioni. Bwana atusaidie tusije tukarudi shimoni tukalikuta tupu.

Maswali ya kujifunzia

1. Katika habari ya Yusufu, wako watu wa namna nne. Taja mfano wa kila mmoja katika kijiji chako, bila kutaja majina.
2. Ni mtoto gani katika usharika wako asiye na mtu wa kumtetea? Ni nani atakayemwendea juma hili?
3. Watoto wa darasa la kipaimara wanaijua namba 116? Waulizeni.
4. Kwa nini si vema kufuta jumbe za mtu anayetisha? Na kwa nini si vema kuipeleka picha kwa mtu mwingine?
5. Jamaa akija kumwomba binti yako kwa kazi ya mjini, utamwuliza maneno gani kabla ya kujibu?
6. Mtoto wako akikuambia leo ya kuwa amekosa, je, neno lako la kwanza litakuwa lipi? Kila mmoja ajibu moyoni mwake.